Nilipokuwa Yaya wa Mpwa Wangu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, tukaipachika mwanzoni au mwishoni na kungoja alama ya mwalimu. Mimi nilidhani ninaielewa, kumbe nilikuwa nimeikariri tu. Ndugu msomaji, nipe sikio nikusimulie yaliyonipata likizo ya Agosti ya mwaka 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili. Tangu siku hizo siiandiki methali hiyo ovyo ovyo.

Tulipofunga shule nilifika Kayole jioni, sanduku la bati begani, baridi ya Nairobi ikiuma kama siafu. Sisi hukaa orofa ya nne, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kuna kitanda. Upande wa pili kuna kochi, meza fupi, vyombo na redio ya Mama ambayo haizimwi mpaka taarifa ya habari iishe. Mimi hutandika godoro langu sakafuni usiku na kulikunja asubuhi. Muhula huo wote nilikuwa shuleni, kwa hiyo nilimkuta mgeni ambaye sikuwahi kumtia machoni: mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyezaliwa katikati ya mwezi wa Mei. Alizaliwa Pumwani kama mimi mwenyewe, katika hospitali ile ya akina mama iliyoanza mwaka 1926, na ambayo ukiwauliza wana Eastlands kumi, sijui ni wangapi watakosa kuitaja.

Mtoto alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Mashavu tele, nywele chache, na sauti, masalale! Sauti ya mtoto yule ingemfaa kondakta wa matatu.

Sasa, dada yangu huuza nguo za mitumba Gikomba. Huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi marobota yakifunguliwa, kwani anayechelewa huambulia makapi. Tangu ajifungue alikuwa hajaenda sokoni. Mtaji ulikuwa umeliwa, deni la chama lilikuwa limeiva, na baba wa mtoto ni hadithi ya siku nyingine. Alijaribu kumpeleka mtoto kwenye nyumba ya kulelea watoto iliyoko ploti ya nyuma, shilingi mia moja kwa siku. Akaenda siku tano. Siku ya sita alifika mapema kidogo kumchukua, akakuta watoto kumi na mmoja wamelala kwenye godoro moja kama samaki kwenye trei, kimya, saa nane mchana, hakuna hata mmoja anayelia. Kimya hicho kilimtia hofu kuliko kelele. Mtaani watu husema kuna walezi wanaowanywesha watoto dawa ya mafua ili walale. Dada hakuwa na ushahidi wowote kumhusu mama yule, na mimi simsingizii. Alimchukua mtoto wake, akaja nyumbani, akalia.

Ndipo mimi nilipofika na sanduku langu. Kabla sijavua viatu Mama alisema, "Mwanangu, afadhali umekuja. Kesho utabaki na mtoto."

Nilitaka kukataa. Mvulana mzima wa Kidato cha Pili! Marafiki zangu wa mtaani wakinipata nimefunga leso mgongoni wangenipa jina lisilofutika. Na kweli walinipa: Mjomba Yaya. Lakini ungekataaje? Mama naye ana kibanda cha chapati na madondo karibu na steji ya Masimba. Asipouza hatuli. Dada alikama maziwa yake kwenye chupa, akanionyesha jinsi ya kumlisha na kumcheulisha, akaondoka.

Siku ya kwanza nilikiona cha mtema kuni. Mtoto alilia kuanzia saa mbili hadi saa tano. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamtembeza ujiani kutoka mlango wa kwanza hadi wa nane na kurudi. Nikimlaza, anaruka mikono kama anayeanguka na kuanza upya. Mwishowe akatokea shosho wa mlango wa sita, bibi wa heshima zake ambaye amewalea wajukuu wasio na idadi. Akanitazama akacheka.

"We kijana, utamuua huyo kwa kumtingisha. Mlete hapa. Mtoto hulazwa kwa tumbo. Tumbo likipata joto, analala kama gogo."

Akamlaza kifudifudi kitandani, juu ya blanketi la manyoya lililokunjwa mara mbili, akampigapiga mgongo, akamfunika mpaka masikioni kwa sababu ya baridi. Dakika kumi hazikwisha. Kimya! Mtoto alilala saa mbili na nusu. Mimi nikafungua kitabu changu, nikasoma sura tatu nzima. Jioni dada alipouliza mtoto alishindaje, nilijibu kwa maringo kuwa mimi ni fundi. Siku ya pili nikafanya vivyo hivyo. Ya tatu pia. Asubuhi niliwasha jiko la makaa kwa ajili ya uji na maji ya kuoga, nikaliacha ndani likiwa na makaa mekundu ili chumba kiwe na joto, nikafunga mlango na dirisha, nikamlaza mtoto kwa tumbo, nikajilaza kando yake. Nilijiona mlezi bora Kayole nzima.

Naomba uikumbuke picha hiyo: godoro laini, blanketi, kifudifudi, jiko, dirisha limefungwa. Sikuacha hata kosa moja.

Jumatano alfajiri tuliamshwa na ukemi. Si ukelele wa mwizi, huo tumeuzoea. Ulitoka mlango wa nne. Nilipotoka nilimkuta jirani yetu, mama kijana, amesimama ujiani bila viatu, mtoto wake amemkumbatia ndani ya leso. Hakuwa analia tena. Alikuwa akizunguka palepale alipo. Mtoto yule alikuwa wa miezi miwili na kitu, mdogo kidogo kuliko wetu, na mama yake na dada walikuwa wakikutana kliniki. Mumewe alishuka ngazi akatafuta pikipiki. Wakaenda hospitali. Walirudi saa tatu bila mtoto.

Sitasimulia mengi ya siku hiyo. Polisi walikuja wakauliza maswali yao na kuandika. Siku chache baadaye mtoto alizikwa Lang'ata, na mazishi ya mtoto mchanga hapa mjini ni mafupi. Nataka kusema zaidi juu ya midomo. Kufikia saa nne asubuhi ploti nzima ilikuwa imeshatoa hukumu. Wa orofa ya pili walisema amemlalia. Wa orofa ya tatu walisema ni kijicho, kuna mtu alimtazama mtoto vibaya. Keyateka alisema ni moshi. Mtu mwingine, ambaye sikumwona lakini maneno yake yalifika mpaka kibandani kwa Mama, alisema eti alikuwa amekunywa pombe, ilhali mwanamke yule ni mtu wa kanisa na kazi yake ni kufua nguo za watu kule Donholm kutwa nzima. Mama mkwe alipiga simu kutoka mashambani. Sauti ilisikika hadi nje, kwa maana simu za siku hizi husema kuliko mwenyewe. "Umemfanya nini mjukuu wangu?" Swali hilo aliulizwa mara nyingi kuliko pole alizopewa.

Na mimi? Siku hiyo hiyo mchana nilimlaza mpwa wangu kifudifudi, nikamfunika, nikakaa kumwonea huruma mama wa mlango wa nne.

Kesho yake alikuja mhudumu wa afya ya jamii. Labda nyumbani kwenu pia wanapita. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwatuma zaidi ya laki moja kote nchini, kila mmoja na mkoba wa vifaa, watembelee nyumba kwa nyumba. Huyu wetu ni mama wa makamo anayeishi papo hapo mtaani, na kabla ya kazi hiyo nilimjua kama muuza mboga. Alikuwa amekuja kumwona mfiwa. Akitoka akabisha kwetu kwa kuwa alijua tuna mtoto mchanga.

"Hodi. Mama yuko?"

"Yuko kibandani, auntie. Karibu."

Aliingia, akatazama kitanda, na kabla hajaketi alienda moja kwa moja akamgeuza mtoto. Akamlaza chali. Akaliondoa blanketi la manyoya, akaufungua mlango wazi, akalibeba jiko kwa kitambaa na kulitoa ujiani. Yote hayo hakusema neno. Kisha akakaa kwenye kochi akanitazama.

"Nani alikwambia umlaze hivyo?"

Sikumtaja shosho. Nilisema, "Hulala vizuri hivyo, auntie. Halii."

"Najua halii. Huo usingizi mzito ndio unaonitisha."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa, na somo lenyewe lilikuwa Biolojia na Kemia tupu. Aliniambia kuwa mtoto mchanga akilala kifudifudi uso wake huzama kwenye godoro, akavuta tena ile hewa aliyoitoa mwenyewe, ambayo haina oksijeni ya kutosha. Mtu mzima hapo angeshtuka, ageuke. Mtoto wa miezi miwili au mitatu bado ubongo wake haujakomaa katika kazi ya kujiamsha, na akilala kwa tumbo huzama usingizini zaidi. Shingo haina nguvu ya kuuhamisha uso. Joto nalo humzidi kwa kuwa hutokea sana usoni na kifuani, na vyote vimezibwa. Huko Ulaya na Marekani wamekipa kifo hicho jina lake, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, pale uchunguzi wote unapofanywa na sababu ikakosekana. Umri wa hatari kuu ni kati ya mwezi wa pili na wa nne. Nilihesabu kwa vidole. Mpwa wangu alikuwa katikati kabisa.

Nilijitetea. "Lakini auntie, akilala chali akitapika si atapaliwa?"

Akachukua kalamu yangu na daftari langu la Hisabati, akachora mirija miwili. Mtu akilala chali, mrija wa hewa huwa juu na mrija wa chakula huwa chini yake. Maziwa yakirudi, itabidi yapande mlima ili yaingie mrija wa hewa, na mtoto mwenye afya humeza au hukohoa. Akilala kifudifudi mambo hugeuka: mrija wa chakula uko juu, na maziwa yanateremka tu. Mchoro huo ninao mpaka leo, pembeni mwa jedwali la lografu.

Kuhusu jiko hakunieleza sana, aliniuliza tu tunafundishwa nini shuleni. Nikajikuta najibu mwenyewe, kwa aibu. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu hulala moja kwa moja. Swali hilo nilikuwa nimelipata kwenye mtihani wa muhula huo huo. Nilipewa alama zote.

Jioni nilimweleza Mama. Loo! Nilidhani ataniunga mkono. Mama aliweka sufuria chini.

"Nyinyi wote wawili niliwalaza kwa tumbo. Wewe na dada yako. Mko wafu?"

"La, Mama."

"Basi huyo mwanamke wa mboga asiniletee mambo ya vitabu. Hata kliniki walituambia hivyo."

Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu, na kwa kuwa hata ningekuwa nalo, Mama ni Mama. Ila neno lake la mwisho liliniwasha. Kliniki? Jumamosi nilipanda miguu mpaka maktaba ya Buruburu nikaingia kwenye intaneti. Nilichokipata kilinishangaza. Mama hakubuni. Madaktari wakubwa wenyewe ndio waliowaambia watu hivyo! Mmarekani mmoja, Daktari Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha malezi kiliuzwa kwa mamilioni, alianza katika miaka ya 1950 kuwashauri wazazi wamlaze mtoto kwa tumbo, akihofia kuwa akitapika chali atapaliwa. Yaani hofu yangu ileile. Ushauri huo ukaenea katika nchi nyingi, hospitali kwa hospitali, nesi kwa nesi, mama kwa mama. Uholanzi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuugeuza, mwaka 1987. Uingereza ilianza kampeni yake mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua huko kwa nusu au zaidi katika muda wa miaka michache, bila dawa wala mashine. Watoto waligeuzwa tu.

Kilichonikera zaidi ni uchunguzi uliotolewa mwaka 2005. Waliouandika walikusanya tafiti zote za zamani wakaona kuwa ushahidi wa kutosha ulikuwapo tangu mwaka 1970. Wakakadiria kuwa lau ungezingatiwa mapema, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na angalau 50,000 wa Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, wangenusurika. Kwa hiyo shosho wa mlango wa sita si mjinga. Aliamini walichoamini maprofesa.

Nilirudi nikamweleza Mama polepole, nikiwa namsaidia kukanda unga. Hoja ya "mbona mko hai" niliijibu kwa mfano wa Outering Road. Barabara ile ina madaraja ya juu ya kuvukia, lakini watu kila siku huruka vizuizi na kuvuka chini katikati ya magari, na wengi wao hufika upande wa pili salama. Je, hilo linaonyesha kuwa kuvuka chini si hatari? Mama alicheka kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe huvuka chini. Hakusema ndiyo. Lakini usiku ule nilimsikia akimgeuza mtoto.

Basi tukaanza kupanga nyumba. Hapa ndipo vitabu na Kayole havielewani vizuri. Vitabu vinasema mtoto alale kwenye kitanda chake, katika chumba cha wazazi. Hicho cha pili tulikuwa nacho, chumba kikiwa ni kimoja! Cha kwanza kilikuwa kazi. Dada na Mama walikuwa wakilala na mtoto katikati yao, na kuna wakati dada alirudi sokoni amechoka hajiwezi, akaketi kwenye kochi kumnyonyesha, wote wawili wakasinzia hapo hapo. Yule mhudumu alisema kochi ni mahali pabaya kuliko kitanda mara nyingi, kwani mtoto huteleza akabanwa kati ya mama na mto wa kochi. Hakumkataza dada kunyonyesha kitandani usiku. Kinyume chake, alisema kunyonyesha kwenyewe ni kinga. Alichotaka ni mtoto akishiba arudishwe mahali pake, na kwamba asilale kabisa kando ya mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara.

Mahali pake ni wapi? Nilikuwa nimesoma pia kuwa Finland, tangu mwaka 1938, akina mama hupewa sanduku la katoni lenye nguo za mtoto, na katoni yenyewe ndiyo kitanda chake cha kwanza. Na Wamaori wa New Zealand, ambao kama sisi hupenda kulala na watoto wao, walisuka vikapu vya ukindu wa kwao ili mtoto alale kitandani pamoja na mama lakini ndani ya kikapu chake. Nikasema, kama ni sanduku, Gikomba hakuna uhaba wa sanduku. Fundi mmoja wa mbao jirani na kibanda cha dada alitupigia randa kreti la matunda kwa shilingi mia tatu. Mhudumu alilipitisha kiganja chote akitafuta misumari na vibanzi. Tulikata kipande cha godoro gumu kikakaa barabara bila pengo pembeni, tukatandika shuka moja iliyobana. Hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna lile blanketi la manyoya. Kreti likakaa juu ya meza fupi, meza ikabanwa kati ya kitanda na ukuta isiyumbe. Dada akinyoosha mkono anamfikia. Juu tukaning'iniza neti ya mbu, mbali na uso wake.

Mavazi pia tulipunguza. Muuza mitumba akipata mtoto, mtoto huvaa duka zima: sweta tatu, kofia, soksi mbili. Tukafunzwa kumgusa kifua au nyuma ya shingo, si mikono, kwani mikono ya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Ikiwa shingo ina jasho, vua kitu. Kofia ni ya nje. Jiko nalo likahamia ujiani hata kwa baridi kali. Kuhusu hilo Mama ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote. Na kwa tumbo? Tulimlaza kwa tumbo vilevile, ila akiwa macho, juu ya mkeka, mimi nikiwa nimelala sakafuni uso kwa uso naye, apate nguvu ya shingo. Alichukia sana zoezi hilo. Alikuwa akinitazama kama mwalimu wa zamu.

Usiku wa kwanza chali alilia. Wa pili alilia. Sisemi uongo, usiku wa tatu nilisimama juu ya kreti mkono wangu ukiwa tayari umeingia chini ya mgongo wake nimgeuze, ili tulale tu, ili dada aondoke saa kumi na moja akiwa na macho. Nilikumbuka ile methali, nikautoa mkono. Usiku wa tano akazoea.

Zilipobaki siku tatu kabla ya kufungua shule nilimpeleka mtoto mwenyewe kwenye ile nyumba ya kulelea watoto, kwa sababu dada hakuwa na njia nyingine. Nilienda na daftari langu la Hisabati. Mama yule alinisikiliza, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akiwa amemshika mkono. Nilipomaliza aliniuliza, "Kijana, wote kumi na mmoja chali? Wakiamka pamoja, mimi nina mikono mingapi?" Nikatazama mikono yake. Tulikubaliana machache: watoto walazwe kwa upana wa godoro badala ya urefu, wapate nafasi, wale ambao hawajaweza kujigeuza walale chali, asiwafunike nyuso, asimpe wetu dawa yoyote. Mengine sikuweza. Mikono mingine miwili ingegharimu mshahara, na mshahara ungepandisha ile shilingi mia moja, na dada asingeweza kuilipa.

Mwaka 2022 uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 32 hawafikishi mwaka mmoja, na 21 kati yao hufariki katika mwezi wa kwanza. Wengi huondolewa na maradhi na matatizo ya kuzaliwa, wala si kwa namna walivyolala. Ni wangapi hufa usingizini kama yule wa mlango wa nne? Mtoto akifa usiku nyumbani, mara nyingi huzikwa upesi, na majirani ndio hutoa ripoti ya daktari.

Yule mhudumu alituambia jambo moja ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Alisema, "Haya yote hupunguza hatari. Hayaiondoi."

Jumatatu ya kufungua shule niliamka saa kumi kuteka maji, kwa maana kwetu mfereji wa ploti hufunguliwa usiku wa manane na ukichelewa umekosa. Nilimkuta mama wa mlango wa nne yuko peke yake, mtungi wake unajaa. Tangu msiba sikuwa nimesema naye. Nilikuwa nimejipangia maneno siku nyingi, ya kumwambia kwamba watu husema wasiyoyajua, na kwamba hata mimi nilikuwa nikimlaza wetu vibaya na ni Mungu tu. Yeye ndiye aliyetangulia kunena.

"Nasikia mmemtengenezea mtoto kitanda cha kreti."

"Ndiyo, mama."

"Analala vipi?"

"Chali."

Akafunga mfereji. Akaupanga mtungi vizuri asiumwage, akaniachia nafasi.

"Hata mimi nilimlaza chali," akasema. "Peke yake, ukutani, bila jiko. Hakuna mtu aliyeniuliza."

Akajitwika mtungi na kupanda ngazi. Maji yalianza kufurika kwenye ndoo yangu nami nimesimama tu.